Nyumba ya Askari: Mtungi Wenye Koki

Katika kota za polisi na za wanajeshi kuna jambo ambalo kila mke wa askari amekwisha kuliona wakati wa adhuhuri. Baba anarudi kutoka zamu, shati limechorwa ramani ya chumvi mgongoni, kichwa kinamgonga, na maneno yake ni machache kuliko ilivyo desturi yake. Huketi. Huletewa kikombe cha maji yaliyomiminwa kutoka katika jerikeni iliyoshinda juani kando ya ukuta. Maji yenye uvuguvugu na harufu ya plastiki. Hunywa mafunda mawili, hukiweka kikombe chini, husema yametosha.

Hayakutosha. Mtu anayefanya kazi nzito katika jua kali aweza kutoa jasho la lita moja kwa saa moja, na pengine zaidi. Ikiwa askari huyo alisimama zamu tangu asubuhi, basi amepoteza lita kadhaa, naye amerudisha robo lita tu. Akilala hivyo, ataamka na kichwa kile kile, na mama ataambiwa kwamba ni malaria.

Yafaa ifahamike kwamba kosa si la baba peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, mtaalamu E. F. Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwachunguza askari katika jangwa la California. Waliwapima uzito kabla na baada ya kazi, wakapima maji waliyokunywa na mkojo waliotoa, na matokeo yake yakachapishwa kitabuni mwaka 1947. Mambo mawili yalidhihirika. La kwanza ni kwamba mwili haufundishiki kuishi bila maji. Zamani maofisa wengi waliamini kwamba kuruta akitembezwa na chupa iliyojaa bila ruhusa ya kuifungua, atazoea, kama anavyozoea mzigo mgongoni. Hazoei, hudhoofika tu. La pili, ambalo lahusu nyumba zaidi, ni kwamba mtu anayetoka jasho hunywa pungufu ya kile anachopoteza, hata maji yakiwa mbele yake. Kiu huchelewa kuja na huwahi kuondoka. Deni hilo hulipwa zaidi wakati wa chakula, mtu anapokula na kunywa kwa utulivu.

Uchunguzi uliofuata uliongeza jambo la tatu: ubaridi wa maji. Wachunguzi waliwapa watu wanaofanya kazi kwenye joto maji ya nyuzi 15 za Selsiasi, na wakati mwingine maji ya nyuzi 40. Maji ya baridi yalinyweka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo maji ya baridi nyumbani si anasa wala si deko la watu wa mjini. Ndiyo njia ya kumfanya mtu anywe kiasi ambacho kiu yake haimwambii anywe.

Hasara ya kutokunywa huanza mapema. Mtu wa kilo 70 akipungukiwa na maji kiasi cha kilo moja na nusu, ambayo ni kama asilimia mbili ya uzito wake, nguvu za kudumu katika kazi hupungua, na umakini wake pia hufifia. Kwa fundi cherehani huenda hasara ikawa mshono uliopinda. Kwa mtu aliyebeba bunduki yenye risasi, au anayeongoza magari katika njia panda, hasara ni nyingine kabisa.

Hapa inafaa kutaja jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Wako askari, hasa wanawake wa polisi wa barabarani, ambao hawanywi maji kwa makusudi tangu alfajiri, kwa sababu mahali pa zamu hapana choo. Hawa hawahitaji kuhubiriwa faida za maji, wanazijua. Wanahitaji mkuu wao awapangie zamu ya kupumzishana kila baada ya saa mbili au tatu. Mkojo unaozuiliwa mara kwa mara, na uliokolea kwa kukosa maji, hufungua njia ya magonjwa ya kibofu, na gharama ya dawa huangukia familia.

Sasa, maji ya baridi yatoke wapi? Katika ofisi nyingi za siku hizi kuna mashine ya kupozea maji, yenye chupa kubwa ya karibu lita 19 iliyopinduliwa juu yake. Faida yake ni ya kweli: maji yako karibu, yanaonekana, ni ya baridi, na mtu apitaye hushawishika kunywa. Lakini mashine hiyo hutaka umeme, na pia hutaka mtu wa kuisafisha, kwani tangi lake la ndani na midomo yake hufanya utelezi usipoondolewa. Tena chupa yaweza kujazwa upya na mtu asiyejulikana, kwa maji yasiyojulikana. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilipozuka katikati ya jiji la Kampala na kuwapata watu kwa maelfu, uchunguzi ulielekea kwenye maji ya kunywa yaliyochafuka na juisi zilizouzwa mitaani. Kitu cha baridi mkononi si lazima kiwe safi.

Friji nayo ni kitu chema kwa mwenye nacho. Katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, yenye watoto wanne wanaoufungua mlango wa friji kila baada ya dakika kumi, na yenye umeme wa kuja na kuondoka, maji yake aghalabu huwa ya baridi usiku, wakati ambapo hakuna anayeyataka.

Kipo chombo cha tatu ambacho mama wa askari huyu alikuwa nacho, na bibi yake pia: mtungi wa udongo, ensuwa kwa Waganda, dapi kwa Wajaluo. Wengi waliuacha walipohamia kota, kwa kuwa unavunjika safarini kila askari anapohamishwa, na kwa kuwa jerikeni ni nyepesi. Hizo ni sababu za haki. Lakini jerikeni haipozi maji, na mtungi huyapoza, tena bila senti moja ya umeme.

Siri ya mtungi ni kwamba unavuja. Udongo uliochomwa kwa moto wa kuni una vitundu vidogo mno, maji hupenya humo polepole mpaka nje, na hapo hugeuka mvuke na kuchukuliwa na upepo. Kugeuka mvuke huko hutaka joto jingi, na joto hilo hunyang'anywa kutoka katika maji yaliyobaki ndani. Hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na kalori zipatazo 580. Mtungi wa lita 20 ukipoteza chini ya nusu lita kwa njia hii, joto linaloondoka latosha kuyashusha maji yote kwa nyuzi 11 au 12, ingawa kwa kweli hushuka pungufu ya hapo, maana hewa ya nje nayo hurudisha joto wakati wote.

Ngozi ya binadamu hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Jasho linalodondoka chini halikumpoza mtu; limpozalo ni lile linalokauka juu ya ngozi. Ndiyo sababu askari wa Uganda ambao, tangu Machi 2007, wamekuwa wakitumwa Somalia, huweza kutaabika zaidi katika pwani ya Mogadishu kuliko katika nchi kavu yenye jua kali zaidi. Hewa ya bahari imejaa unyevu, fulana ya kuzuia risasi imefunika kifua na mgongo, jasho latiririka lakini halikauki.

Mtungi nao una mpaka huo. Hewa ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 30, kama iwezavyo kuwa Karamoja mchana wa kiangazi, maji ya mtungi yaweza kushuka hadi kukaribia nyuzi 20. Hewa yenye joto lile lile ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hayawezi kupita chini ya nyuzi 29, hata mtungi uwe mzuri namna gani. Kwa hiyo mama anayeishi karibu na ziwa, akiona wakati wa mvua mtungi wake hauna kazi, asimlaumu mfinyanzi.

Mahali pa kuuweka ni nusu ya kazi. Kivuli peke yake hakitoshi, panatakiwa upepo. Pembe ya nyuma ya chumba, ambako mtungi husukumwa ili usigongwe na watoto, ndipo mahali pabaya kupita pote, ukiondoa jikoni karibu na sigiri. Pazuri ni karibu na mlango au dirisha, juu ya kiweko cha mbao au cha chuma, si chini sakafuni wenye vumbi na kuku. Wengine huuweka juu ya mchanga ulioloweshwa, nao mchanga huo husaidia kupoza kitako. Mtungi usipakwe rangi ya mafuta. Wako wanaoupaka ili upendeze sebuleni, na kwa brashi hiyo huziba vitundu vyote na kuugeuza pipa.

Lakini mtungi wa zamani ulikuwa na aibu moja kubwa, nayo ni mdomo wake mpana. Kila atakaye maji huchovya kikombe, na pamoja na kikombe huchovya vidole. Mtoto aliyetoka chooni huchovya. Mgeni huchovya. Mama aliyechemsha maji kwa kuni za bei, akayaacha yapoe, akayamimina kwa uangalifu, kazi yake yote huharibiwa na mkono mmoja usionawiwa. Kuchemsha huua vijidudu vilivyokuwamo. Hakuvizuii vitakavyoingia baadaye.

Kikombe chenyewe nacho kina historia. Zamani Marekani, katika magari-moshi, shule na stesheni, watu wote walikunywa kwa kikombe kimoja kilichowekwa karibu na maji, mara nyingi kimefungwa kwa mnyororo kisiibwe. Mwaka 1909 jimbo la Kansas, kwa juhudi ya Daktari Samuel Crumbine, lilikuwa la kwanza kupiga marufuku kikombe hicho cha pamoja, kwa kuwa kifua kikuu na maradhi mengine yalihofiwa kupita humo. Miaka iliyofuata vikaenea vikombe vya karatasi vya kutumia mara moja, ambavyo hata leo huonekana kando ya mashine za kupozea maji. Katika nyumba nyingi za kota kikombe cha pamoja kingali juu ya kifuniko cha mtungi, na katika chumba cha walinzi getini pia. Vikombe vya plastiki vya rangi mbalimbali si ghali. Kila mtoto akapewa rangi yake, na ugomvi nao ukapungua.

Kuhusu mdomo mpana, dawa ilipatikana kwa majirani. Karibu na mwaka 2000 shirika la CARE lilikuwa likieneza matumizi ya dawa ya klorini na vyombo salama vya maji katika vijiji vya Homa Bay, magharibi ya Kenya. Ilionekana kwamba familia zilizoea mitungi ya udongo na ziliipenda kwa ubaridi wa maji yake. Badala ya kuwaambia watu waitupe, wafinyanzi wanawake wa huko walifinyanga mtungi wa namna mpya: mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kifuniko kinachokaa sawasawa, na koki karibu na kitako. Hilo ni shauri la busara kuliko mashauri mengi yanayoletwa vijijini kwa magari meupe.

Atakaye mtungi wa namna hii na amwagize mfinyanzi atoboe tundu la koki kabla ya kuuchoma, kiasi cha vidole vitatu juu ya kitako, ili mashapo yabaki chini. Kulitoboa baadaye kwa msumari ni kununua mtungi mara mbili. Koki ya plastiki yenye mipira miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, hukazwa kwa mkono tu, maana udongo haupendi spana. Mtungi mpya hujazwa maji na kumwagwa kwa siku kadhaa mpaka ladha ya udongo iishe. Kila juma husuguliwa ndani kwa brashi na maji safi, bila sabuni, kwani udongo hunywa harufu ya sabuni na kuitoa polepole kwa muda mrefu, kisha huanikwa juani.

Maji yatiwe dawa au yachemshwe kabla ya kuingia mtungini. Kuchemsha ni mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja. Katika milima ya zaidi ya meta 2000, kama kwa jamaa wakaao juu ya Elgon, dakika tatu. Yaachwe yapoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, kwani maji ya moto hupasua mtungi. Anayetumia vidonge vya klorini na avitie katika jerikeni, angojee nusu saa au kama karatasi ya dawa inavyoelekeza, ndipo amimine mtungini, tena kiasi cha siku moja tu. Klorini huisha nguvu upesi ndani ya udongo kuliko ndani ya plastiki.

Je, nyumba yahitaji kiasi gani? Mtu mzima asiye na kazi nzito hutosheka na lita mbili mpaka mbili na nusu kwa siku, pamoja na maji yaliyomo katika uji, chai, mchuzi na matunda. Ile hesabu ya bilauri nane inayotajwa kila mahali haina msingi mkubwa. Chai huhesabiwa. Waragi hauhesabiwi, kwani pombe huzidisha mkojo. Koplo, mkewe na watoto wanne wataendeshwa vyema na mtungi mmoja wa lita 20 unaojazwa kila jioni, ili usiku upoze. Kipimo cha kila mtu ni rangi ya mkojo wake: wa manjano hafifu ni salama, wa rangi ya chai kavu ni deni. Anayefunga Ramadhani anywe kidogo kidogo kuanzia futari mpaka daku, asiyaache yote kwa daku.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, hata siku ya joto kali, hata bibi akisisitiza. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Anayepaswa kunywa zaidi ni mama. Mtoto mwenye kuharisha, kwa upande mwingine, aweza kufa kwa kukosa maji katika muda mfupi. Pakiti ya dawa ya chumvi kutoka zahanati ikikosekana, hutengenezwa nyumbani kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kujaza mlima. Hunyweshwa kidogo kidogo huku safari ya zahanati ikiandaliwa.

Maji nayo yana kupita kiasi. Mwaka 1998 Jeshi la Marekani lilibadili kanuni zake baada ya makuruta kudhurika, na baadhi yao kufa, kwa kunywa maji mengi mno hata chumvi ya damu ikazimuliwa. Kanuni hiyo ilikataza kupita karibu lita 1.4 kwa saa, au lita 11 kwa siku. Mwalimu wa gwaride anayewaamuru vijana wamalize chupa nzima mara tatu mfululizo kwa adhabu hajui anachokichezea.

Na akianguka mtu juani, mwili ukiwaka moto, akisema maneno yasiyoeleweka, hilo si la kunyweshwa. Asiye na fahamu zake akimiminiwa maji kinywani huyavuta mapafuni. Avuliwe, apelekwe kivulini, mwili wote umwagiwe maji na apepewe bila kusita, na hayo yaanze kabla gari la hospitali halijafika. Hapo maji ya mtungi hufanya kazi nje ya mwili.

Mtungi hudumu miaka kadhaa. Mwishowe chumvi ya maji na utelezi huziba vitundu vyake, nao huacha kutoka jasho. Mama atajua kwa kuupapasa asubuhi na kuukuta mkavu kama ukuta. Brashi na jua vikishindwa kuufufua, koki hufunguliwa na kuwekwa kwa ajili ya mtungi ujao, tundu huzibwa kwa kitambaa, na mtungi mzee huhamia stoo kuwekewa mbegu za maharage.